Mwalimu Hakai wa Darasa la Tatu

Wasifu wa marehemu, uliosomwa na mdogo wake wa mwisho siku ya mazishi, Ijumaa tarehe 14 Juni 2019

Ndugu, jamaa, walimu, wazazi na majirani: mliopata pa kukaa karibuni, na mliosimama poleni. Familia imeniomba nisome maisha ya dada yetu kwa sababu mimi ndiye kitinda mimba, na kitinda mimba hutumwa mpaka mvi zimtoke. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja. Nimejaribu, lakini dada hakuwa mtu wa kuenea kwenye ukurasa mmoja. Mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mfuaji wa nguo za hospitali. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, na mpaka leo sisi tuliobaki tukisikia harufu ya magadi tunakumbuka nyumbani. Siku aliyozaliwa, mama alikuwa kwenye foleni ya kliniki na wajawazito wengine wengi waliomtangulia. Alimwambia nesi kwamba uchungu umeanza, nesi akamjibu, "Mama, subiri zamu yako." Mama akasema, "Mimi nasubiri. Huyu ndiye hataki." Dada alizaliwa kwenye benchi la mapokezi, na waliokuwa mbele wakampisha kwa lazima.

Alitembea mapema na kuongea mapema. Baba alikuwa akimfunga kiunoni kwa kitambaa, ncha ya pili kwenye mguu wa meza ya cherehani, ili asiifikie pasi ya mkaa. Siku moja baba alitoka kidogo kupokea kitambaa cha mteja, akarudi akakuta meza imevutwa mpaka mlangoni, cherehani na vyote vilivyo juu yake, na dada yuko kizingitini anachungulia barabara.

Mwaka 1971 alianza darasa la kwanza. Shule ilikuwa na vyumba vinne na watoto waliojaa mpaka madirishani. Kusoma kulikuwa kwa pamoja: mwalimu anaelekeza fimbo ubaoni, darasa zima linaitikia. Dada alikuwa na sauti kali na kichwa chepesi cha kushika. Akapanda la pili, akapanda la tatu, na hakuwa anajua kutofautisha b na d. Katikati ya mwaka ule mwalimu wao alikwenda likizo ya uzazi, akaletwa wa kushika nafasi, mama mmoja mfupi mwenye miwani. Huyo alikuwa na tabia ya kupita kila dawati na kumsikiliza kila mtoto peke yake. Alipofika kwa dada, dada akasoma ukurasa mzima bila kukosea hata nukta. Yule mama akamwacha amalize, kisha akainama na kumwambia kwa sauti ya chini, "Umesoma vizuri sana, mwanangu. Sasa tufungue ukurasa huo." Kitabu cha dada kilikuwa kimefunguliwa penginepo kabisa.

Hakumcheka wala hakumchapa. Alimkusanya na wenzake saba wa namna ile, akawa anawafundisha kila siku baada ya masomo kwenye ngazi za ofisi. Kufika mwisho wa mwaka dada alikuwa anasoma magazeti ambayo baba alifungia nguo za wateja, na wateja walichelewa kupata nguo zao kwa sababu hiyo. Kisa hiki alikisimulia maisha yake yote. "Nilikuwa naimba," alisema, "sikuwa nasoma. Na nilikuwa naimba vizuri, ndiyo maana hakuna aliyejua."

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1977 na sekondari mwaka 1981, akasomea ualimu tangu 1982 hadi 1984. Chuoni ndiko alikokutana na shemeji yetu. Friji la jikoni lilikuwa limeharibika, akaitwa fundi, na siku hiyo zamu ya jikoni ilikuwa ya dada. Alimsimamia kichwani yule fundi akiuliza kila bomba kazi yake ni nini, mpaka fundi akafunga friji na kusahau skrubu mbili. Friji likatetemeka usiku kucha na kesho yake ikabidi arudi. Shemeji amedai kwa miaka yote hii kwamba skrubu alizisahau kwa makusudi. Sisi upande wa mke tunajua alichanganyikiwa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa binti na mvulana. Dada yetu mkubwa alipofariki mwaka 1996, walimchukua pia binti yake, wakamlea kama wao. Watatu hao wamekaa hapa mbele, na ukiwauliza mama yao alikula vipi, wote watakuambia: kwa kusimama. Anakula tonge mbili, anakwenda kuangalia daftari la mtoto wa mtu, anarudi. Shemeji alikuwa akimwambia, "Mke wangu, kaa basi, chakula hakikimbii." Naye akijibu, "Nikikaa nitasinzia."

Alianza kazi mwezi Januari 1985. Alifundisha shule mbili kabla ya kuhamishiwa, mwaka 1999, shule ya karibu na karakana ya mabasi, na hapo ndipo alipomalizia. Shule ile kila asubuhi hupokea moshi wa injini zinazopashwa moto, na walimu wa upande wa barabara hufundisha kwa sauti ya mnadani.

Mwaka 2006 mwalimu mkuu wa wakati huo alimpa chumba kidogo kilichokuwa cha huduma ya kwanza. Kilikuwa na dirisha moja na kitanda kibovu. Dada alikitoa kitanda, akaweka mkeka na meza fupi, akapewa msaidizi mmoja, mama kijana mwenye subira ya ajabu. Humo waliletwa watoto walioachwa nyuma: wenye kigugumizi, wasioona ubao vizuri, wasiosikia vizuri, na wale wa kuimba kama yeye alivyoimba. Waliingia wanane wanane. Mimi ni fundi wa nguo, nilirithi meza ya baba, na dada alikuwa akipita kwangu kuchukua vipande vilivyobaki. Kila b aliikata kwenye jinzi na kila d kwenye mahameli, ili mtoto afumbe macho na vidole vimwambie. Wengi walitoka mle wakiwa wanasoma. Miaka minane ile, kama kuna wakati dada alikuwa mtu wa raha, ni wakati ule.

Januari 2014 afisa alikuja kutoka ofisi ya elimu, akahesabu walimu, akahesabu watoto, akaona hesabu haikai. Agizo likatoka kwamba kila mwalimu awe na darasa lake. Mkataba wa msaidizi haukuongezwa. Chumba kikapewa watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wanasomea uwanjani. Dada alikwenda kwa mwalimu mkuu, huyu tuliye naye hapa leo, ambaye wakati huo alikuwa mgeni pale shuleni. Naye ndiye aliyenisimulia mazungumzo yao, kwa hiyo simsengenyi.

"Mwalimu mkuu, hawa watoto wangu wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda madarasani, kama wenzao."

"Madarasani walikuwako. Ndiko walikotoka kuja kwangu."

"Mwalimu, mimi mwenyewe nashika hesabu darasa la tano na la sita, na ofisi nimeiacha na mlinzi. Niambie wewe ningefanyaje."

Dada akaenda kukunja mkeka wake. Akapokea darasa la tatu, watoto mia moja na wanane.

Siku ya kwanza alikuta watoto kumi na wawili wamekaa sakafuni. Akaitoa meza ya mwalimu, akakitoa na kiti cha mwalimu, pakapatikana nafasi ya madawati mawili. Tangu siku hiyo hakuwa na pa kukaa. Alifundisha kwa kutembea, ubavu ubavu kati ya madawati, akikanyaga mikoba na kuomba radhi. Watoto wakamwita Mwalimu Hakai. Jina likatoka darasani, likafika karakana, likafika sokoni, na mwishowe shemeji naye akawa anaulizwa dukani, "Wewe si mume wa Hakai?"

Mwisho wa muhula wa kwanza zikaandikwa ripoti. Mnazijua: chini kabisa kuna mstari wa maoni ya mwalimu. Dada aliandika mia moja na nane kwa siku mbili. Kwa binti mmoja wa safu ya nyuma aliandika, "Hasikilizi darasani." Shule ilipofunguliwa, akaja mama wa binti yule, mpishi wa kantini ya karakana, ameishika ripoti mkononi.

"Mwalimu, umeandika mwanangu hasikilizi."

"Ndiyo, mama. Nikimwita hageuki."

"Hageuki kwa sababu hasikii. Sikio la kulia lilikufa alipougua surua, na la kushoto linafifia. Nilisema siku ya kumwandikisha. Nilidhani mnajua."

Siku hiyo dada alipita kwangu dukani akielekea nyumbani. Hakuchukua vitambaa. Alizunguka meza, akashika chaki yangu, akaiweka, akashika mkasi, akauweka. "Miaka minane," akasema, "kazi yangu ilikuwa kuwatambua watoto kama yule. Ningemjua kwa anavyoinamisha kichwa tu. Na huyu amekaa mbele ya macho yangu miezi mitano nikamwita mkaidi." Nikamwambia, kwa kumtuliza, "Dada, wako mia na wanane." Akaniangalia kama nimemtukana. "Ndicho ninachosema," akajibu, akaondoka.

Kesho yake binti yule alihamishiwa dawati la mbele, upande wa dirisha, mahali mwanga unapoangukia mdomo wa mwalimu. Darasa zima likafundishwa kutomsemesha mwenzao kwa kumpa kisogo. Wakatunga ishara za mikono, nyingine za maana na nyingine za utundu, na mvua ilipopiga bati hadi madarasa mengine yakasimamisha masomo, darasa la tatu waliendelea kwa vidole. Binti huyo ameanza sekondari mwaka huu. Amevaa kifaa sikio la kushoto. Yuko pale nyuma na mama yake, na nimeombwa nisome taratibu nikiwa nimeinua uso, ndiyo maana mnaniona nasimama simama.

Lakini dada hakutulia. Alisema kama amemkosa mmoja, kuna wangapi wengine. Mwaka 2015 walizidi, wakawa mia moja na kumi na wawili. Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni, shemeji alikuta ripoti zimetandazwa mezani, akaanza kuzisoma. Nyingi zilikuwa na maoni marefu, mpaka pembeni. Arobaini na moja zilikuwa na maneno yale yale: "Simjui mtoto huyu vya kutosha kumwandikia. Darasa lina watoto mia moja na kumi na wawili." Na sahihi yake chini.

"Mke wangu," shemeji akasema, "ukizipeleka hizi utakiona cha moto."

"Acha nikione. Nimechoka kuandika 'anajitahidi.'"

"Si wanajitahidi?"

"Hilo ndilo nisilolijua."

Zilikwenda majumbani Ijumaa tarehe 5 Juni 2015. Shule ilipofunguliwa tarehe 6 Julai, ua ulikuwa umejaa wazazi kabla ya kengele. Wengine walitukana. Mama mmoja alilia, akasema mwanawe ameandikwa kama yatima. Mwalimu mkuu alimwita dada ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, umetuvua nguo mbele za watu. Ungekuja kwangu kwanza."

"Nilikuja."

"Ulikuja lini?"

"Januari ya mwaka jana. Machi. Septemba. Na Februari hii."

Mwalimu mkuu amenipa ruhusa niseme kwamba alizikumbuka zote nne. Hata hivyo barua ya onyo ilitoka ofisi ya elimu, na dada akaikunja akaitia mkobani pamoja na chaki.

Siku ile ile ya kufungua shule, wakati watoto wanaingia, akatokea baba mmoja, fundi makanika wa karakana, na ovaroli yake ya grisi. Yuko hapa leo. Leo amevaa shati.

"Wewe ndiye uliyeandika humjui mwanangu?"

"Ndiye mimi, baba."

"Miezi mitano anakuja hapa kila siku. Mimi nikipewa injini wiki mbili, naijua kwa mlio."

"Na ukipewa injini mia na kumi na mbili, zote zinawaka kwa pamoja?"

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli.

"Ingia, baba," dada akamwambia. "Kaa nasi asubuhi moja. Ukitoka, hayo maoni uniandikie wewe."

Akaingia. Pa kukaa hapakuwepo, akaegemea ukuta wa nyuma na kuwekea ukuta doa jeusi ambalo lilikaa miaka. Alimtazama dada akipita na kupita. Aliona daftari zikipokezanwa kutoka nyuma kwenda mbele kama ndoo za maji. Aliona mtoto ameinua mkono mpaka akachoka, akausaidia kwa mkono wa pili, mpaka akaushusha bila kuulizwa alitaka nini. Karibu na mapumziko, fundi alimsogelea dada akamnong'oneza, "Mwalimu, samahani. Wangu yuko wapi?"

Mwanawe alikuwa nyuma ya nguzo, dawati moja na watoto wengine watano, anaandikia mapajani. Nguo za shule zilikuwa moja, vichwa vilinyolewa sawa. Fundi anasema alikuwa amemtafuta kwa macho tangu asubuhi kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni, na aibu ikamzuia kuuliza.

Kesho yake alirudi na yule mama mpishi wa kantini, ingawa binti yake alikuwa ameshapanda la nne. Keshokutwa wakawa wanne. Wakawa wanapokezana, wawili kila asubuhi, wakikaa na safu za nyuma, wakimsikiliza mtoto mmoja mmoja anavyosoma. Mwalimu mkuu alisema si utaratibu, kisha akawa anapita dirishani akiangalia upande mwingine. Sisemi wote walikuwa wa maana. Babu mmoja, mlinzi mstaafu, alikuwa akiegemea ukuta na kulala fofofo kabla ya kipindi cha pili, na watoto wakajifunza kusoma kwa sauti ya chini ili wasimwamshe. Dada alisema hata huyo anasaidia, kwa kuwa hajawahi kuwa na darasa tulivu kiasi kile.

Mwezi Septemba wazazi walikwenda ofisi ya elimu. Waliambiwa waandike. Wakaandika. Waliambiwa wasubiri nyumbani. Wakasema watasubiri pale pale, wakakaa ngazini na chakula chao, siku hiyo na wiki iliyofuata. Januari 2016 uliletwa ukuta wa mbao, darasa la tatu likagawanywa mara mbili, akaja mwalimu wa pili na msaidizi wa nusu siku. Dada alibaki na watoto hamsini na wanne. Kwa wengi hapa hamsini na wanne bado ni umati. Kwake ilikuwa kama amepewa nyumba yenye sebule. Ripoti za mwaka ule hazikuwa na mstari mtupu, na shemeji anasema ndio mwaka pekee aliomsikia mkewe akikoroma.

Ingekuwa hadithi, ningeishia hapo. Katikati ya mwaka 2017 mwalimu wa pili alihamishwa na hakuletwa mwingine. Msaidizi aliambiwa akapumzike mpaka aitwe, na hakuitwa. Jumatatu moja watoto waliingia wakakuta ukuta wa mbao umeondolewa, wako mia moja na kumi na tisa, na hakuna mtu aliyetangaza lolote. Wazazi walirudi kwenye zile ngazi, lakini wachache kuliko mwanzo. Wengi watoto wao walikuwa wameshapanda madarasa, na mtu huchoka.

Sisi ndugu tulimwita tukamkalisha, kwa namna alivyoweza kukalishwa. Kaka mkubwa akamwambia, "Omba ustaafu wa mapema. Shule ile si ya baba yako." Dada akamjibu, "Ingekuwa ya baba yangu ningeifunga, nikapumzika." Tukacheka, naye akaaga akaenda zake, na maneno yakaishia hapo. Leo ndugu zangu wengine wanasema tungelikazania. Mimi sijui. Huko nyumbani tunalizungumza kila tukikaa wawili, tangu Jumatano, na hatufiki mwisho.

Tangu mwaka 2018 miguu yake ilianza kuvimba. Alisema ni kusimama. Viatu vilipokataa kuingia alivaa kandambili za shemeji, akaenda nazo kazini, watoto wakafurahi. Daktari alipompima alisema moyo umetanuka na unachoka, akampa dawa na mapumziko ya majuma matatu. La pili halikuisha. Alisikia kwamba akikosekana darasa lake linaunganishwa na la jirani, akamwonea huruma mwalimu wa jirani, akarudi.

Jumatatu tarehe 20 Mei 2019, kipindi cha pili, alikuwa anamwelekeza mtoto namna ya kushika kalamu. Akamwambia mtoto asogee kidogo, akaketi dawatini kwake. Walimu wa madarasa ya jirani wanasema walishtuka kwa sababu ya kimya. Watoto mia na zaidi walikuwa wameacha kuandika wanamtazama. Hakuwa amepiga kelele wala hakuwa ameanguka. Alikuwa ameketi tu, na hilo hawakuwahi kuliona. Kiranja alikwenda mbio kumwita mwalimu mkuu, naye ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari la karakana.

Alilazwa wodi ya wanawake, ghorofa ya pili. Hata pale hakutulia. Alimwuliza nesi anahudumia vitanda vingapi, na alipotajiwa akawa hamwiti tena. Nesi akija kwake anamwambia, "Anza na yule wa dirishani, mimi bado." Kila aliyemtembelea alimwuliza nani yuko na darasa. Shemeji hajui kudanganya. Akamwambia, "Limeunganishwa." Asubuhi iliyofuata walimkuta kwenye mlango wa wodi, amevaa kandambili, mkoba begani, amejishika ukutani. Nesi akamwuliza, "Mwalimu, unakwenda wapi?" Akasema, "Kazini, halafu nitarudi." Akarudishwa kitandani akiwa amekasirika, na hasira ile ilimpa nguvu kwa siku kadhaa, hata tukaanza kuambiana anapona.

Aliaga dunia Jumatano tarehe 12 Juni 2019, saa kumi na mbili asubuhi, shemeji na binti yao wakiwa pembeni yake. Hakuwa na maumivu makubwa, lakini mikono yake ilikuwa inahangaika na shuka, inaivuta huku, inaivuta kule. Alimwuliza binti yake, "Yule wa nyuma amefika?" Binti akamwambia, "Amefika, mama." Dada akamtazama kwa shaka, kama anavyomtazama mtoto anayejibu bila kufikiri, akauliza tena. Wa nyuma ni nani, hatujui. Tumewauliza walimu wenzake, nao hawajui. Wa nyuma ni wengi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, binti aliyemlea, wajukuu watatu, kaka wawili na dada mmoja. Shemeji, hukumwoa dada yetu tu, ulifuatana naye, na mwendo wake tunaujua. Upande wetu unakushukuru. Mtaona kwamba walimu waliokuja leo ni wachache. Si kukosa mapenzi. Leo ni siku ya shule, na wangekuja wote watoto wangebaki na mlinzi. Mwalimu mkuu naye ataondoka mara tu tukimaliza, mumpishe njia.

Dada ameacha pia watoto mia moja na kumi na tisa wa darasa la tatu. Asubuhi hii wamebanwa na darasa la nne kwenye chumba kimoja, na mwalimu wa kushika nafasi ameombwa lakini hajapatikana. Yule baba makanika amesimama pale langoni na ataendelea kusimama mpaka mtu wa mwisho atoke. Hakusanyi rambirambi. Anatafuta watu wa kukaa na safu za nyuma. Anasema anayejua kusoma anatosha, na atakayesinzia naye aje.

Mungu amlaze dada yetu pema, ampe pumziko lenye amani, na hilo alipokee bila ubishi. Sisi tuliobaki tukutane Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mlangoni mwa darasa la tatu.